Void na voidable siyo kitu kimoja, na ukizichanganya unaweza kupoteza nyumba

Kuna neno la Kiingereza cha sheria ambalo watu wengi hapa Tanga wanalisaini bila hata kulisoma, voidable. Utalikuta kwenye fomu za mikopo, kwenye bima za bajaji na pikipiki, kwenye barua za mawakili, na likishamfikia mtu wa kawaida anapewa tafsiri ya haraka haraka kwamba "mkataba huo ni batili, we tulia tu". Sasa hapo kwenye "tulia tu" ndo watu wanapoachia haki zao, kwa sababu mkataba ukiwa voidable mtu anayetakiwa kufanya kitu ni wewe, na usipofanya unahesabika umeridhika.

Tuanze na void maana hiyo ndo rahisi. Void ni batili yenyewe. Makubaliano ambayo sheria haiyatambui tangu dakika ya kwanza, hata kama yamechapwa vizuri steshenari, yana picha za paspoti juu, dole gumba la wino chini, mashahidi wanne na mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Voidable ni mkataba halali, narudia, HALALI, unafanya kazi, unahamisha mali, unazaa deni, ila umeingiwa na kasoro fulani inayompa mtu mmoja tu, yule aliyeonewa, uamuzi wa kuuendeleza au kuufuta. Asipoufuta unaendelea kama mikataba mingine yote.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ya mwaka 1961. Ukiisoma pamoja na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 utaona vifungu vingi vinafanana neno kwa neno, kwa sababu Waingereza waliiandika kwa ajili ya India afu wakaja nayo huku Afrika Mashariki, na kabla ya 1961 Tanganyika ilikuwa inatumia hiyo hiyo ya India. Zote mbili zinasema voidable ni makubaliano ambayo sheria itayasimamia kwa hiari ya upande mmoja lakini si kwa hiari ya upande wa pili. Hayo maneno "kwa hiari ya upande mmoja" yashike vizuri maana kila kitu kinachofuata kinatoka hapo. Tapeli hana hiyo hiari. Aliyekudanganya hawezi kuja kesho kusema "lakini si nilikudanganya, kwa hiyo mkataba ufutwe, nipe vitu vyangu". Wa kusema ni wewe peke yako.

Kinachofanya makubaliano yawe void ni vitu vizito. Mmoja wenu yuko chini ya miaka 18, au akili yake haiko sawa wakati wa kusaini. Au lengo lenyewe ni haramu, mfano mmekubaliana nauli ya kuvusha magendo usiku kwa mashua kwenda ng'ambo, jamaa akikunyima chako huna mahakama ya kukimbilia. Au maneno ni ya jumla mno hakuna anayeweza kujua mlikubaliana nini. Au wote wawili mmekosea jambo la msingi, tuseme mnauziana mashua iliyoko Pangani, mmepatana bei vizuri mkiwa hapa mjini Deep Sea, kumbe ilishavunjika kwenye mwamba jana yake na hakuna aliyekuwa na habari. Hapo hakuna kilichouzwa.

Hiyo ya mtoto ilileta ubishi mkubwa zamani huko India, wengine wanasema mkataba wa mtoto ni voidable, yaani akikua achague mwenyewe, wengine wanasema hapana ni void moja kwa moja. Mwaka 1903 Baraza la Mfalme kule London, ambalo ndo lilikuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, likamaliza ubishi kwenye kesi ya Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose. Kijana hajafikisha umri kaweka nyumba zake rehani akakopa, na mtu wa mkopeshaji alishapewa taarifa kwamba huyu bado mdogo. Baraza likasema mkataba ni void, rehani imeanguka, na pesa ya mkopeshaji haikurudi. Neno lingekuwa voidable kesi ingekwenda njia nyingine kabisa.

Sasa voidable. Hii inakuja pale ambapo mkataba una kila kitu isipokuwa ridhaa yako haikuwa safi. Sheria inataja njia nne: umetishwa au kulazimishwa, umeshinikizwa na mtu mwenye nguvu juu yako, umedanganywa kwa makusudi, au umepewa maelezo yasiyo kweli hata kama aliyeyasema mwenyewe aliamini ni kweli.

Ya kutishwa haina maelezo mengi. Ya pili, ya kushinikizwa, mimi ndo naiona imejaa kwenye mitaa yetu na haizungumzwi kabisa. Haihitaji panga wala ngumi. Chukua bibi ana nyumba yake ya urithi Ngamiani, macho yameshapungua, anaishi na kijana wa ndugu yake ndo anamletea dawa, ndo anampikia uji, ndo anampeleka hospitali. Siku moja kijana anakuja na karatasi, "bibi weka dole hapa ni mambo ya umeme", au hata bila uongo, anamwambia tu "bibi niandikie nyumba maana mimi ndo nakuangalia", na bibi anaogopa akikataa kesho nani atamletea maji ya kuoga. Sheria inaliangalia hilo. Kama mmoja yuko kwenye nafasi ya kumtawala mwenzake kimawazo, na akaitumia hiyo nafasi kujipatia faida isiyo ya haki, mkataba ni voidable. Inawagusa pia mganga na mgonjwa wake, kiongozi wa dini na muumini wake, daktari, mlezi wa mali za yatima. Na kama dili lenyewe linaonekana la unyonyaji kwa macho tu, mzigo wa kuthibitisha kwamba hapakuwa na shinikizo unamhamia huyo mwenye nguvu.

(Ile ya kumdanganya bibi kwamba anasaini mambo ya umeme ni nzito zaidi, kwa sababu hata hakujua anasaini karatasi ya aina gani, na wakili anaweza kujenga hoja kwamba ile ni void kabisa. Ila usiitegemee hoja hiyo ukalala, fanya haraka kana kwamba ni voidable.)

Kwenye udanganyifu kuna jambo moja la kuangalia. Kama ulipewa maelezo yasiyo kweli tu, au muuzaji alinyamazia jambo alilotakiwa kulisema, na wewe kwa uangalifu wa kawaida ungeweza kuujua ukweli, mkataba hauwi voidable. Yaani umeuziwa shamba Pongwe, muuzaji kasema eka 3 na yeye mwenyewe anaamini ni 3, kumbe ni 2, na ulikuwa na siku zako za kulizungusha futi kamba ukasema aah nitapima baadaye, hapo unajiweka pabaya. Uongo wa makusudi wa mdomoni ni habari nyingine, mdanganyifu hawezi kujitetea kwamba "mbona hukuchunguza".

Haya, kwa nini mtu ahangaike na tofauti hii yote kama mwisho wa siku pande zote mkataba unaanguka? Jibu ni mtu wa tatu. Hapa ndo utamu wa jambo ulipo na hapa ndo watu wanalia.

Kuna kesi mbili za Uingereza ambazo kila mwanafunzi wa sheria anazijua. Ya kwanza ni Cundy dhidi ya Lindsay, 1878. Tapeli anaitwa Blenkarn alikodi chumba mtaa mmoja London ambao ulikuwa na kampuni ya heshima inaitwa Blenkiron, akawaandikia barua wafanyabiashara wa Belfast akiagiza vitambaa vya mkononi, sahihi yake akaifinyanga isomeke kama ya ile kampuni. Mzigo ukatumwa, hakulipa, akaviuza kwa Cundy ambaye hakujua lolote. Mahakama ya juu ikasema wale wa Belfast walikusudia kufanya biashara na Blenkiron, na huyu Blenkarn hawakuwahi hata kumfikiria, kwa hiyo mkataba ni void, na kama ni void basi Blenkarn hakuwahi kumiliki kitu, na kama hakumiliki basi Cundy hakununua kitu. Cundy, mtu msafi kabisa, akalipa yeye.

Ya pili ni Lewis dhidi ya Averay, ambayo Mahakama ya Rufani ya kule iliiamua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lewis anauza gari yake, Mini Cooper, anakuja mtu anajitambulisha kuwa ni Richard Greene, mwigizaji maarufu wa wakati huo, anaonyesha na kitambulisho cha studio, anaandika hundi ya pauni 450 anaondoka na gari. Hundi feki. Gari ikauzwa pauni 200 kwa kijana mwanafunzi, Averay. Safari hii mahakama ikasema Lewis alikuwa anafanya biashara na mtu aliyesimama mbele yake, amedanganywa ndiyo, ila mkataba upo, ni voidable, na kwa kuwa hajaufuta hadi gari inauzwa tena, Averay amepata umiliki halali. Lewis akabaki na hundi yake feki.

Matapeli wawili, uongo unaofanana, ila neno moja limebadilika na hasara imehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Na sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inafuata njia hiyo hiyo: muuzaji mwenye umiliki ulio voidable akimuuzia mtu mwenye nia njema asiyejua, kabla umiliki haujafutwa, yule mnunuzi anapata mali kihalali.

Ilete sasa hapa kwetu Tanga, barabara ya nane. Umemuuzia mtu pikipiki, kakuonyesha meseji ya muamala ya kutengeneza, umeamini, umempa kadi na funguo. Mkataba huo kwa kawaida utahesabika voidable, maana yule uliyemkusudia ndo huyo huyo aliyekuja, ila kakudanganya kuhusu malipo. Ukikaa unasema "ni batili huu, pikipiki bado yangu, nitaikuta tu", siku ya tatu ikauzwa Muheza kwa kijana wa bodaboda aliyelipa bei ya kueleweka na hajui chochote, kesi yako dhidi ya huyo kijana inakuwa ngumu sana. Unabaki kumfukuza tapeli ambaye simu yake haipatikani.

Ungefanyaje? Waingereza wana kesi ya kujibu hilo, ya Caldwell, ya miaka ya 1960. Jamaa kaibiwa Jaguar yake kwa staili hiyo hiyo ya hundi mbovu, ila yeye hakukaa, hundi ilivyokataliwa tu akaenda polisi na kwenye chama cha wenye magari akawaambia nataka gari yangu itafutwe. Tapeli hakupatikana kuambiwa "nimefuta mkataba", lakini mahakama ikasema inatosha, ameonyesha wazi kwamba amekataa, na aliyefuatia kununua baada ya hapo hakupata kitu. Ukiangalia, kilichomuokoa ni kuwahi tu.

Nyumba nayo ina yake. Watu wanajua kwamba mwenye ndoa hauzi nyumba ya familia kimya kimya, ila wengi wanadhani mauzo ya namna hiyo yanajifuta yenyewe. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113 ya mwaka 1999, inasema hati ikiwa kwa jina la mwenza mmoja na anataka kuuza au kuweka rehani, mnunuzi au mkopeshaji ana wajibu wa kuuliza kama mwenza mwingine ameridhia. Na kama yule muuzaji akampotosha kwa makusudi, akasema sina mke, au mke wangu karidhia, basi mauzo yanakuwa voidable kwa hiari ya mwenza ambaye hakuridhia. Siyo void.

Mama mmoja wa Makorora alinionyesha barua ya wakili ya ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu, kwenye aya ya tatu imeandikwa mauzo ya nyumba ni "voidable at your instance". Mtoto wake alishamsomea kwamba maana yake ni batili, kwa hiyo mama alikuwa anasubiri mnunuzi aje mwenyewe kuomba msamaha. Nikamwambia mama shikamoo, mimi naona barua hii inakwambia "ukitaka kufuta, futa, tunakusubiri wewe". At your instance, yaani kwa kuanzisha wewe. Nilimuuliza kama kuna pesa yoyote ya ile nyumba amepokea akasema hapana, na hilo lilikuwa jambo jema sana, kwa sababu mwenza akishajua nyumba imeuzwa, akapokea fungu lake, akamwacha mnunuzi anavunja ukuta na kupaua upya huku anamwangalia, baadaye akienda Baraza la Ardhi na Nyumba kusema sikuridhia ataulizwa maswali magumu.

Tofautisha na muuzaji ambaye nyumba siyo yake kabisa, au kagushi sahihi ya mwenye hati. Hapo mnunuzi hana alichopata, hata angekuwa na nia njema kama malaika. Asiye na umiliki wa ardhi hawezi kumpa mwingine umiliki mzuri, ndivyo mahakama zetu zinavyosema tangu kesi ya Farah Mohamed dhidi ya Fatuma Abdallah, iliyoripotiwa 1992. Ila hata hapo kwenye void usidhani mambo yanajiendesha. Yule mtu yuko ndani ya nyumba na mapazia ameshatundika, huwezi kumtoa kwa kumsomea neno, unahitaji amri. Tofauti ni kwamba unakwenda kuomba itamkwe kuwa hakukuwa na kitu tangu mwanzo, wakati kwenye voidable unakwenda kufuta kitu kilichokuwepo.

Ndoa pia ipo humo. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina orodha ya ndoa batili, mfano watu wa damu moja wasioruhusiwa kuoana, na orodha nyingine ya ndoa zinazobatilishika, mfano mmoja hana uwezo wa tendo la ndoa, na hizi za pili ni ndoa kamili mpaka mahakama itoe amri. Sisi wa pwani tuliopita madrasa neno batili tunalo zamani, na wengine wamesikia batili na fasidi (yaani mkataba wenye kasoro), ila msijaribu kuzilinganisha na void na voidable, kwa sababu wanaotenganisha sana batili na fasidi kwenye mikataba ni Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, wakati Mashafii, wa madhehebu ya Shafii, ambao ndo wengi huku kwetu wanazichukua karibu sawa sehemu kubwa ya mambo, na hata huko fasidi siyo suala la hiari ya mtu mmoja.

Maneno mengine ya kukuvuruga kwenye karatasi: "null and void" ni void tu, mawakili wa Kiingereza wanapenda kurudufu maneno, usihangaike na null. "Void ab initio" ni void tangu mwanzo. Hatari ni "avoid". Shuleni tulifundishwa avoid ni kukwepa, lakini kwenye sheria kuavoid mkataba ni kuufuta. Kwenye bima ukisoma kampuni "may avoid the policy" hawasemi watakukwepa, wanasema wanaweza kuifuta bima yako kwa sababu ulificha jambo ulipojaza fomu. Pale mwenye hiari ni wao. Umejaza bajaji ni ya matumizi binafsi kumbe inabeba abiria Mikanjuni hadi Kange kutwa nzima, siku ya ajali ndo wanalitoa hilo neno kabatini.

Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama, ila makaratasi mengi ya mabenki na bima bado ni Kiingereza, kwa hiyo neno hili tutaendelea kukutana nalo.

Sasa ukishajua mkataba wako ni voidable na unataka kuufuta. Haki hii inapotea kwa njia chache: umeukubali baada ya kujua ukweli, kwa mfano umeendelea kulipa marejesho au kutumia kitu, umechelewa kupita kiasi, mali imeshafika kwa mtu wa tatu msafi, au huwezi tena kurudisha ulichopokea, maana anayefuta naye lazima arudishe faida aliyopata. Kikomo cha kesi za mkataba kwa ujumla ni miaka 6 na za kudai ardhi ni 12, na palipo na udanganyifu muda unaanza kuhesabika pale ulipougundua au ulipotakiwa kuugundua, lakini usiishi kwa kuhesabu miaka hiyo, mtu wa tatu hahitaji miaka 6 kununua pikipiki.

Siku ile ile unayogundua, acha kukitumia hicho kitu na acha kulipa au kupokea hela yoyote ya mkataba huo, ila kama ni mkopo wenye rehani muone wakili kwanza kabla ya kuacha marejesho, maana benki haitasubiri uelezwe vizuri. Andika barua fupi kwa Kiswahili: tarehe, mkataba gani, nini uliambiwa, nini umegundua na lini, na sentensi moja iliyonyooka, "kwa sababu hiyo nimeufuta mkataba huu na niko tayari kurudisha nilichopokea". Mpelekee mbele ya shahidi, kopi moja agonge sahihi ya kupokea, akikataa shahidi aandike kwamba amekataa. Hapatikani? Nenda polisi, chukua RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao), mtumie na meseji kwenye namba yake hata kama imezimwa, piga picha ya skrini. Kama ni ardhi, peleka na taarifa ofisi ya ardhi ili atakayekuja kufanya upekuzi akute kuna mgogoro, asije akajiita msafi.